Kupima mifupa: kalsiamu ya damu, DXA, CTX au isotopu za kalsiamu?

Shangazi yangu, mkazi wa Katuba hapa Lubumbashi, mwenye umri wa miaka 64, aliteleza jikoni akiwa amebeba sufuria ya bukari, akajikinga kwa mkono wa kuume, na kifundo cha mkono kikavunjika. Miezi miwili baada ya plasta kuondolewa alinionyesha karatasi aliyopewa na maabara moja ya mtaani: kalsiamu ya damu, milimoli 2.3 kwa lita, na pembeni pameandikwa kwamba ni kawaida. Aliyepokea malipo alikuwa amemweleza kwamba hicho ndicho kipimo cha mifupa. "Soma mwenyewe, mwanangu," akaniambia, "mifupa yangu ni mizima." Ilinibidi nimwambie, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba namba ile haikusema lolote kuhusu mifupa yake. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu: "Basi wangenipima nini?"

Tuanze na karatasi yake, kwa kuwa kosa hilo ni la watu wengi. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo katika mifupa na meno. Kile kidogo kinachobaki ndicho kinachozunguka katika damu na katika chembe, kikiendesha misuli, mishipa ya fahamu na kuganda kwa damu. Kwa sababu moyo hauwezi kuvumilia kiasi hicho kupanda au kushuka ovyo, mwili hukilinda kwa ukali mkubwa, kwa kawaida kati ya milimoli 2.2 na 2.6 kwa lita. Tezi nne ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi kubwa ya koo, zikihisi kwamba kalsiamu inapungua katika damu huamuru ichukuliwe mifupani. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza mfupa kwa miaka 20 huku karatasi yake ya damu ikisoma kawaida kila mwaka, kwa kuwa mfupa wenyewe ndio unaoilipia damu hiyo kawaida yake. Kipimo cha kalsiamu ya damu kina kazi yake, hasa katika magonjwa ya figo, ya tezi hizo na ya baadhi ya saratani, lakini anayetaka kujua hali ya mifupa yake asikilipie akidhani kitampa jibu.

Vipimo vinavyostahili kulinganishwa ni vitatu, na havijibu swali moja. Ukisimama mbele ya ghala la unga unaweza kuhesabu magunia yaliyomo. Unaweza pia kukaa mlangoni uangalie kama malori yanayotoka mpakani Kasumbalesa yanaleta mzigo au yanauchukua. Mwenye kuhesabu magunia hajui mwelekeo mpaka arudi kuhesabu tena baada ya muda mrefu. Mwenye kukaa mlangoni anajua mwelekeo siku hiyohiyo, lakini hajui ghala lilikuwa na magunia mangapi. Kipimo cha DXA huhesabu magunia. Vipimo vya damu vya CTX na P1NP, pamoja na isotopu za kalsiamu, hukaa mlangoni.

Kwanza DXA

Mashine ya DXA hupitisha mwilini miali ya eksirei ya nguvu mbili tofauti, kisha hukokotoa ni madini kiasi gani yamo katika nyonga na katika pingili za kiuno. Mgonjwa hulala chali kwa dakika chache, na mionzi anayopata ni midogo sana, sawa na ile ambayo kila mmoja wetu huipata kutoka ardhini na angani kwa siku moja au mbili. Matokeo huandikwa kwa alama inayoitwa T. Kwa mujibu wa kigezo kilichowekwa na kamati ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, alama ya −1 au zaidi ni ya kawaida, kati ya −1 na −2.5 mfupa umepungua, na −2.5 au chini yake ni osteoporozi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungukiwa na madini na kuwa myepesi kuvunjika. Takriban dawa zote za ugonjwa huu zilijaribiwa kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa kipimo hiki, na hiyo ni sababu nzito ya kukiweka mbele.

Radio ya kawaida, yaani picha ya eksirei, ile ambayo shangazi alipigwa mkono ulipovunjika, haichukui nafasi ya DXA. Huonyesha vizuri mahali pa kuvunjika, lakini upungufu wa madini hauonekani katika picha hiyo mpaka takriban theluthi moja ya mfupa iwe imekwisha kupotea.

DXA ina mapungufu matatu ambayo msomaji ayajue kabla ya kulipa. La kwanza, ni ya polepole. Kosa la kawaida la mashine, hata ikiwa mikononi mwa fundi mwenye uzoefu, hukaribia asilimia moja, na wataalamu husema badiliko lisiaminiwe mpaka lifikie takriban asilimia tatu. Mwanamke aliyekoma hedhi hupoteza kwa kawaida asilimia moja hadi mbili kwa mwaka, kwa hiyo kurudia kipimo kabla ya mwaka mmoja au miwili mara nyingi ni kutupa fedha. La pili, pingili zilizochakaa kwa uzee, zilizoota vimwiba au zilizobonyea, huonekana kuwa na madini mengi kuliko yaliyomo, na mgonjwa akaambiwa kwamba yu salama. Kwa mtu mzima wa umri wa shangazi, namba ya nyonga ndiyo ya kuangaliwa zaidi. La tatu, alama ya T ya nyonga humlinganisha mgonjwa na wanawake vijana weupe wa Marekani wenye miaka 20 hadi 29. Kulinganisha huko kumekubaliwa duniani kote ili kigezo kiwe kimoja, lakini daktari mwenye busara hataisoma namba hiyo peke yake: ataangalia pia umri wa mgonjwa, uzito wake, dawa anazotumia na kama aliwahi kuvunjika.

CTX na P1NP

Mfupa si jiwe. Kila siku chembe fulani huubomoa kidogo na nyingine huujenga upya, na shughuli hiyo huacha vipande vya protini katika damu. CTX ni kipande kinachotoka mfupa unapobomolewa. P1NP hutoka unapojengwa. Mwaka 2011 mashirika ya kimataifa ya osteoporozi na ya kemia ya tiba yalipendekeza viwili hivyo viwe vipimo vya marejeo. Sifa yao kubwa ni kufuatilia dawa: mgonjwa akianza vidonge vinavyozuia ubomoaji, CTX hushuka ndani ya takriban miezi mitatu, wakati DXA bado haina la kusema. Ikiwa haikushuka, daktari huuliza kama dawa inamezwa sawasawa, na mara nyingi swali hilo huzaa majibu.

Kasoro zake zinatugusa sisi kwa karibu. CTX hupanda usiku na kushuka mchana, na hushuka zaidi baada ya kula, kwa hiyo damu itolewe asubuhi, mgonjwa akiwa hajafungua kinywa. Aliyekunywa chai na mkate kabla ya kufika maabara amekwisha kuharibu kipimo chake. Protini ni kitu kinachooza, na damu iliyokaa kwenye joto ikisubiri gari la kuipeleka mji mwingine inaweza kutoa namba isiyo ya kweli. Tena, mfupa uliovunjika ukiwa unaunga hupandisha vipimo vyote viwili kwa miezi mingi. Shangazi angepimwa CTX mwezi ule alioondolewa plasta, namba ingetisha, na kumbe sehemu kubwa ya kitisho ingekuwa kazi ya mkono unaojiponya.

Isotopu za kalsiamu

Neno isotopu halisikiki jepesi katika Katanga. Ni huku kwetu, Shinkolobwe karibu na Likasi, ambako ilichimbwa sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na mzee yeyote wa hapa akisikia isotopu katika damu atauliza kama ni mionzi. Jibu ni hapana. Hakuna kinachodungwa wala kumezwa. Kipimo hiki husoma atomi ambazo tayari zimo mwilini kutokana na chakula na maji, atomi tulivu ambazo hazitoi mionzi.

Kila atomi ya kalsiamu ina protoni 20, lakini idadi ya neutroni hutofautiana, na kwa hiyo uzito hutofautiana. Takriban asilimia 97 ya kalsiamu yote ni ya uzito wa 40. Asilimia 2 hivi ni ya uzito wa 44, na ile ya 42 haifiki hata asilimia moja. Kikemia zinafanana, ila nyepesi huingia katika mfupa kwa wepesi zaidi kidogo kuliko nzito. Mfupa unapojengwa, basi, huchagua: huchukua nyepesi zaidi na kuacha damu ikiwa nzito. Unapobomolewa hauchagui: huyeyuka wote kama ulivyo na kurudisha katika damu ile kalsiamu nyepesi iliyokuwa imewekwa akiba. Damu na mkojo vikiwa vinaelekea kwenye wepesi, ubomoaji unazidi ujenzi. Vikielekea kwenye uzito, ujenzi unazidi. Jambo la kupendeza ni kwamba kipimo hiki hutoa hesabu iliyokwisha kutolewa na kujumlishwa. CTX na P1NP ni namba mbili zilizopimwa kwa vizio tofauti, ambazo daktari hawezi kutoa moja kutoka kwa nyingine. Isotopu huonyesha moja kwa moja kinachobaki baada ya kuingia na kutoka.

Mtu yeyote wa Lubumbashi aliyewahi kupeleka mfuko wa mawe maabara ili ajue tenere, yaani kiwango, ya shaba au kobalti atanielewa haraka nikisema kwamba mashine hii ni ndugu wa ile. Zote mbili hunyunyiza sampuli iliyoyeyushwa katika mwali wa gesi ya argoni wenye joto la maelfu ya nyuzi, na atomi hubaki zimepoteza elektroni. Tofauti ni kwamba maabara ya madini huuliza "ni kiasi gani?", na jibu lenye kosa la asilimia moja linatosha kuuza mzigo. Hapa swali ni uwiano wa kalsiamu nzito kwa nyepesi, na tofauti inayotafutwa ni sehemu ndogo tu ya moja katika elfu. Kwa hiyo mashine hukusanya isotopu kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja katika kikombe chake, ili mtikisiko wowote wa mwali uzipate zote kwa pamoja.

Na hata hapo kuna mitego. Argoni yenyewe ina uzito wa 40, sawasawa na kalsiamu iliyo nyingi zaidi, kwa hiyo isotopu hiyo hufunikwa na gesi ya mashine, nao wapimaji hulazimika kutumia uwiano wa 44 kwa 42. Kisha kuna strontiamu, iliyomo katika damu kwa kiasi kidogo: atomi yake ya uzito wa 88 ikipoteza elektroni mbili badala ya moja, mashine huiona kama 44. Ndiyo sababu kila tone la damu au mkojo huchomwa kwanza kwa asidi, kisha hupitishwa katika nguzo nyembamba za utomvu maalumu unaoitenga kalsiamu na kila kitu kingine. Ni kazi ya mikono yenye subira, katika chumba kisicho na vumbi, na hapo ndipo gharama na uchache wa kipimo hiki vinapotoka.

Wazo hili lilitoka kwa wanajiolojia. Mwaka 1999 Joseph Skulan na Donald DePaolo walionyesha kwamba mifupa ya wanyama ina kalsiamu nyepesi kuliko tishu laini na kuliko chakula chao, na wakapendekeza kwamba damu ingeweza kutumika kufuatilia mfupa. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, likishirikiana na shirika la anga la Marekani NASA, ambalo hujali mifupa kwa kuwa wanaanga hupoteza zaidi ya asilimia moja ya madini ya nyonga kwa mwezi, lilitoa matokeo ya watu 12 wenye afya waliolazwa kitandani kwa siku 30 bila kuinuka. Baada ya siku 7 tu, kalsiamu ya mkojo wao ilikuwa imeanza kuwa nyepesi. Watafiti walikadiria kwamba katika muda huo watu hao walipoteza chini ya asilimia moja ya mfupa. Linganisha namba hiyo na ile asilimia tatu ambayo DXA huihitaji ndipo iaminiwe: ni ndogo sana. Hakuna picha ambayo ingeona upotevu huo.

Baadaye njia hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mieloma, saratani ya uboho inayokula mifupa, na damu ya wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umechachamaa ilionekana kuwa nyepesi kuliko ya wale ambao umetulia. Mjini Kiel, Ujerumani, watafiti wa kituo cha bahari cha GEOMAR walichapisha mwaka 2019 matokeo ya wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wakionyesha kwamba damu na mkojo wa wenye osteoporozi hutofautiana na za wasio nayo, na kutokana na kazi hiyo kimetoka kipimo cha mkojo kinachouzwa.

Kwetu sisi isotopu zina faida moja ambayo wataalamu wa nchi za baridi huipita haraka. Atomi haiozi. Uwiano wa 44 kwa 42 haubadiliki kwa sababu gari limechelewa njiani au umeme umekatika katika friji, mradi chupa iwe safi na mkojo usiachwe kutuamisha chembechembe za madini chini. CTX haivumilii hayo.

Lakini nisimvutie msomaji upande mmoja. Figo, zinaporudisha kalsiamu katika damu, nazo hupendelea nyepesi, na hiyo ndiyo sababu mkojo huwa mzito kuliko damu ya mtu yuleyule. Figo zikiugua, namba ya mkojo hubadilika ingawa mfupa haujabadilika. Chakula pia kina neno lake. Maziwa na jibini vina kalsiamu nyepesi kuliko mboga, na ndagala, samaki mdogo anayeliwa mzima na mifupa yake, huleta kalsiamu yenye muundo wake. Wale watu 12 walilishwa chakula kilichopangwa. Mama wa Katuba hula sombe, yaani majani ya muhogo, wiki hii, ndagala wiki ijayo, na maziwa akipata fedha. Mipaka ya namba ambayo ingemwambia daktari "hapa anza dawa" haijawekwa katika mwongozo wa kimataifa kama ile ya DXA. Na kipimo hicho hakiwezi kumwambia mtu ana mfupa kiasi gani.

Nani achague kipi

Mwanamke aliyevuka miaka 65, au mtu yeyote aliyekwisha kukoma hedhi au kuvuka miaka 50 na akavunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, kama shangazi, aanze na DXA ya nyonga na kiuno. Wengi wetu huvuka mpaka kwenda Zambia au hupanda ndege kwenda Afrika Kusini kwa vipimo vikubwa. Safari ya namna hiyo ikifanywa kwa sababu nyingine, DXA iunganishwe nayo. Asiyeweza kusafiri asikate tamaa, kwa kuwa daktari anaweza kutumia FRAX, hesabu ya bure iliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield, ambayo kwa umri, uzito, urefu, historia ya kuvunjika na dawa hukadiria hatari ya kuvunjika katika miaka 10 ijayo, hata bila DXA. Na aliyevunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kidogo amekwisha kutoa ushahidi wa kutosha. Kumngojesha dawa kwa sababu hana picha ni kumdhulumu.

Anayetumia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa miezi mitatu au zaidi ana haraka ya aina yake, kwa sababu dawa hiyo hula mfupa zaidi katika miezi ya mwanzo. Huyu apimwe DXA mapema, na hapa natamani kwa dhati isotopu zingekuwa karibu nasi, kwa kuwa swali lake ni la wiki. Hali ni hiyohiyo kwa mgonjwa wa mieloma na kwa aliyelazwa muda mrefu baada ya ajali. Daktari mwenye uhusiano na chuo kikuu cha nje kinachofanya utafiti huo ana sababu nzuri ya kuandika barua; mgonjwa mmoja mmoja anayetaka kulipa mwenyewe ili atume mkojo Ulaya, kabla hajapata DXA hata moja, anaanza mwisho.

Aliyekwisha kuanza dawa achukue CTX, tumbo tupu, asubuhi, kabla ya kidonge cha kwanza na tena baada ya miezi mitatu, katika maabara ileile. Mwenye ugonjwa wa figo asichague lolote kati ya haya bila mganga wa figo, kwa kuwa CTX na isotopu zote humdanganya. Na kijana anayeumwa magoti hahitaji hata kimoja: osteoporozi haiumi mpaka siku ya kuvunjika.

Shangazi alipimwa DXA nje ya nchi, nyonga ikasoma −2.7, akaanzishiwa dawa. Kwa kuwa mashine mbili tofauti hazilinganishiki moja kwa moja, tumeandika nyuma ya karatasi yake aina ya mashine, jina la hospitali na tarehe, na ameiweka katika bahasha moja na kadi yake ya kura, ili baada ya miaka miwili arudi kulala juu ya kitanda kilekile.